Nijipe Alama Ngapi?

Kila mwaka, Juni inapokaribia kwisha, hurudi nyumbani Tukuyu kwa siku chache. Huku kwetu huo ni mwezi wa baridi. Ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe na kutanda juu ya migomba na mashamba ya chai hadi asubuhi iende mbali, na manyunyu huanguka hata siku ambazo Mbeya mjini vumbi linatimka. Watu hukaa jikoni karibu na moto, na mgeni hapewi kiti cha sebuleni bali kigoda cha mekoni, kwa sababu ndiko kwenye joto.

Juni hii alinijia kijana mmoja niliyewahi kumfundisha chuoni somo la maadili kwa wanafunzi wa uhandisi. Sasa ni mtumishi wa umma, mwaka wake wa pili kazini. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," akakaa, akapokea chai, akaniuliza habari za familia yote kama adabu ya kwetu inavyotaka. Kisha akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mwalimu, tathmini ya mwaka imekaribia. Nimekuja nikuulize jambo moja tu. Nijipe alama ngapi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe katika mji huu huu, mwezi Juni mwaka 2012, nikiwa na umri wa miaka 26, mhandisi mhitimu ambaye Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilikuwa bado haijamtambua kuwa mhandisi mtaalamu. Jibu nililopewa wakati ule lilinigharimu, na liliwagharimu zaidi watu ambao hawakuwahi kuiona fomu yangu. Ndiyo maana sikumjibu kijana yule siku ile. Nilimwambia arudi kesho yake, nami usiku nikaanza kuandika haya.

Wanafunzi wangu wengi hawajui kwamba haki ya mtumishi kuona alama zake mwenyewe si ya zamani katika nchi hii. Kwa miaka mingi tathmini ya mtumishi wa umma Tanzania ilikuwa siri. Mkuu wa kazi alijaza taarifa juu ya mtu aliye chini yake, akaifunga, ikaenda zake. Mtu angeweza kukaa ngazi moja ya mshahara kwa miaka mingi bila kujua ni sentensi gani iliyomkwamisha, wala ni mkono wa nani ulioiandika. Mageuzi ya utumishi wa umma, yaliyotanguliwa na sera ya mwaka 1999 na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, yalikuja kuiondoa bahasha hiyo. Julai 2004 ukaanzishwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi wote waliuita OPRAS.

Katika karatasi, mfumo ule ulikuwa mzuri. Mwezi Julai, mwaka wa fedha unapoanza, mtumishi na msimamizi wake wanakaa pamoja, wanakubaliana malengo, shabaha, vigezo vya kupimia, na rasilimali ambazo mtumishi atapewa ili ayatimize. Desemba wanapitia nusu mwaka. Juni wanahitimisha. Mtumishi anajipa alama, msimamizi anampa yake, wanajadiliana, kisha wanaandika alama waliyokubaliana. Alama ni kuanzia 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora kuliko zote. Neno zito katika mpango huo wote ni "wanajadiliana".

Sasa nisimulie yangu. Ofisi niliyoajiriwa sitaitaja, kwa kuwa kosa ninalolisimulia kwanza ni la kwangu. Kazi yangu ilikuwa barabara za vijijini.

Anayetaka kuelewa barabara za Rungwe aanze na mvua na udongo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka kati ya Novemba na Mei. Udongo wetu umetokana na volkano. Yapata miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kumwaga mawe mepesi na majivu juu ya nchi yote hii. Udongo huo ndio unaotulisha ndizi, viazi, maparachichi na chai, lakini ni mwepesi, na maji yakipata mwanya huukata kama kisu kinavyokata siagi. Barabara ya kijiji isiyo na mitaro na makalavati ya kutosha haimalizi masika mawili.

Barabara hiyo si anasa. Jani bichi la chai likishachumwa halisubiri. Linatakiwa kufika kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo linaungua lenyewe ndani ya gunia na mkulima hapati kitu. Maziwa nayo hayasubiri. Mama mwenye ng'ombe wawili anahesabu ada ya shule kwa lita, na kila lita ina saa yake.

Mwaka ule wa fedha, 2011/12, mpango kazi ulisema nijenge makalavati 12. Fedha zilifika mwishoni mwa Aprili, zikiwa pungufu. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na fedha isiyotumika hurudi ilikotoka. Nilikaa na kikokotoo chumbani kwangu, mtaa wa Bulyaga, nikagawanya. Kwa mabomba ya kipenyo cha milimita 900 mahali panapostahili, ningejenga makalavati saba au manane. Kwa mabomba ya milimita 600 kila mahali, ningefikisha 12.

Mhandisi yeyote anajua tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Bomba la milimita 900 halizidi lile la 600 kwa nusu tu. Kwenye mteremko uleule, likijaa, hupitisha karibu mara tatu ya maji. Nililijua hilo, nilikuwa nimelifanyia mtihani na kufaulu vizuri. Lakini fomu haikuniuliza maji kiasi gani. Iliniuliza makalavati mangapi.

Kwenye eneo moja, bondeni, mama mmoja mtu mzima alisimama kando akitutazama tukishusha mabomba. Alikuwa amebeba ndoo ya maziwa kichwani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hilo bomba ni dogo. Hapa maji ya Aprili yanafika mgomba ule." Nikatazama mgomba alioonyesha. Shina lake lilikuwa na alama ya tope karibu na urefu wa goti. Nikamjibu, "Usiwe na shaka, Mama, wataalamu wamepiga hesabu." Ukweli ni kwamba hakuna aliyepiga hesabu ya maji. Hesabu iliyopigwa ilikuwa ya fedha, na mtaalamu aliyeipiga nilikuwa mimi.

Ikafika wiki ya tathmini. Kwanza nilijaza ukurasa wa Julai, mwezi Juni. Naam, malengo ambayo yalipaswa kukubaliwa mwanzoni mwa mwaka niliyaandika mwishoni, nikiwa tayari najua nilichofanya, nikaweka tarehe ya miezi kumi na moja nyuma. Sikuwa peke yangu, wala sikuona haya. Anayelenga mshale baada ya kuurusha hakosi.

Mwenzangu niliyeishi naye nyumba moja, afisa kijana kama mimi, alinifundisha hesabu ya alama. "Jipe 1. Bosi lazima apunguze aonekane amekagua. Atakupa 2. Ukijipa 2 kwa unyenyekevu, utaondoka na 3, na cheo utakisikia kwa jirani." Nilijipa 1. Makalavati 12 kati ya 12, asilimia 100.

Msimamizi wangu alikuwa mhandisi mzee, aliyebakiza miaka michache astaafu. Mazungumzo yetu hayakufika dakika ishirini. Alipitia kurasa, akaniuliza swali moja tu: "Yote yanapitisha maji?"

"Yanapitisha, Mzee."

Ilikuwa Juni. Kila bomba lilikuwa na kijito chembamba kikipita chini yake. Jibu langu lilikuwa la kweli kwa mwezi huo. Akanipa 2, tukasaini, nikaenda kununua ndizi za kuchoma kusherehekea.

Aprili 2013 maji yalifika kwenye mgomba ule. Bomba lilijaa, maji yakapanda juu ya tuta, udongo ukakatika, na usiku mmoja barabara ikawa korongo. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini kwa siku tisa gari halikupita. Nilipofika nilikuta magunia ya majani ya chai yamelundikwa upande wa pili, yakitoa harufu ya kuoza. Wanaume walikuwa wakivusha mgonjwa kwa machela. Yule mama nilimkuta nyumbani kwake. Nilitarajia anikemee, na ningefurahi kama angenikemea. Yeye alinikaribisha kigodani, akanimiminia kikombe kikubwa cha maziwa, kisha kingine. "Kunywa, mwanangu," alisema. "Leo maziwa hayana mnunuzi."

Nilikunywa. Katika faili langu ofisini palikuwa na alama 2, yaani utendaji wa juu ya wastani, na saini mbili.

Julai ile nilichukua fomu mpya na kuijaza Julai. Katika safu ya shabaha sikuandika idadi peke yake. Niliandika kwamba barabara fulani ipitike na gari la mizigo siku zote za masika. Kisha nikaenda kwenye safu ambayo wengi wetu tulikuwa tukiiruka au kuijaza maneno mepesi kama "fedha, usafiri, vitendea kazi". Safu ya rasilimali zilizokubaliwa. Niliandika kiasi, na nikaandika kwamba kifike kabla ya mwisho wa Septemba, ili zege likauke kabla ya mvua.

Mzee alisoma, akavua miwani. "Kijana, hapa unanitathmini mimi."

"Mzee, fomu ndiyo inayouliza."

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Aliniambia kwamba yeye naye ana fomu, na aliye juu yake ana fomu, na kwamba fedha hazitoki katika droo ya yeyote kati yao. Kila mmoja anamtathmini aliye chini kwa kitu ambacho hajakipata kwa aliye juu. "Kwa hiyo wote tunapeana 2," alisema, "tukaishi kwa amani." Hata hivyo alisaini. Nilimheshimu kwa hilo, na ninamheshimu hadi leo.

Septemba ilipita bila fedha. Desemba tulikaa, tukaandika katika mapitio ya nusu mwaka kwamba rasilimali hazijafika. Zilipofika, ilikuwa tena masika. Mwaka ule nilijenga makalavati saba tu, kila moja kwa kipenyo ambacho hesabu ya maji ilidai, na la kwanza lilikuwa pale bondeni. Juni 2014 nilijipa 3, nikapewa 3. Mwenzangu wa Bulyaga alipanda cheo kabla yangu. Singependa msomaji adhani kwamba ukweli ulinilipa. Haukunilipa, angalau si kwa shilingi.

Kwa nini nasimulia haya katika ukurasa ambao kwa kawaida tunajadili siasa na jamii? Kwa sababu fomu ya tathmini ni siasa. Pengine ndiyo mahali pekee ambapo mtumishi wa ngazi ya chini amepewa kwa maandishi haki ya kumwambia mkubwa wake, "Nilikuahidi hiki kwa sharti kwamba wewe utanipa kile." Kuondoa siri kulikuwa nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilikuwa mazungumzo, na hayo hatukuyafanya. Tuliufungua mlango, kisha tukakaa pande zote mbili tukipitishiana karatasi chini yake.

Na si kwamba sisi wa huku hatujui mazungumzo. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi Rungwe katika miaka ya 1930, waliandika juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa: vijana waliondoka kwa wazazi wao wakiwa wadogo na kujenga pamoja kijiji chao. Kitabu ambacho Monica Wilson alikitoa mwaka 1951 kimechukua jina lake kutoka wazo la *ukwangala*, yaani kukaa na wenzako kwa furaha, kula pamoja, kuzungumza pamoja. Waliamini kwamba mtu hujifunza busara kwa kuzungumza na wenzake. Kijiji kile kilikuwa na mipaka yake: wanawake hawakuwa na kiti sawa humo, na sitaki kukipamba. Lakini palikuwa na kitu ambacho fomu zetu hazina. Waliokupima walikuwa watu walioishi na matokeo ya kazi yako. Ukijenga kibanda kibovu, mliloa wote.

Mimi nilipimwa na mtu ambaye hakupita barabara ile. Yule mama aliyepita kila asubuhi na ndoo kichwani hakuwa na safu katika fomu, ingawa yeye peke yake ndiye aliyetoa tathmini sahihi ya kazi yangu, tena kabla sijaimaliza.

Leo fomu za karatasi zimeondoka. Katika mwaka wa fedha 2023/24 serikali ilianza kuwahamishia watumishi kwenye mfumo wa kidijitali unaojulikana kwa kifupi kama PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu na utekelezaji wake kwa njia ya mtandao na msimamizi wake huhakiki humo humo. Ni hatua njema. Si rahisi tena kujaza ukurasa wa Julai mwezi Juni, kwani mashine inatunza tarehe. Lakini mashine haijui masika. Ukiiambia makalavati 12 kati ya 12, itakuandikia asilimia 100 kwa uaminifu kuliko mzee wangu, ambaye angalau aliuliza kama maji yanapita.

Kijana yule alirudi kesho yake, kabla ukungu haujaondoka. Nilimpa ushauri, na ninauweka hapa kwa wengine walio katika hali yake.

Nilimwambia kwamba maandalizi ya tathmini hayaanzi Juni. Yanaanza siku unapokubali shabaha. Kama shabaha ni idadi tupu, omba iongezwe neno moja linaloonyesha kazi hiyo inamfaa nani na kwa muda gani. Mkubwa akikataa, andika katika shajara yako kwamba uliomba.

Nilimwambia atunze shajara ya eneo la kazi: tarehe, mvua, fedha ilipofika, aliyemwonya na alimwonya nini. Wahandisi wanaopita katika mafunzo ya vitendo chini ya Bodi wanalazimika kuweka kumbukumbu za kazi zao. Asiiache tabia hiyo siku anaposajiliwa. Katika chumba cha tathmini, mwenye tarehe huzungumza kwa utulivu. Asiye nazo hulalamika.

Nilimwambia aanze na kosa lake kabla ya upungufu wa fedha. Anayetanguliza upungufu wa fedha anasikika kama mtoto aliyevunja mtungi. Anayesema, "Hapa nilikosea kipenyo, na hapa fedha zilichelewa miezi saba," anasikika kama mhandisi.

Na nilimwambia kwamba kabla hajajipa alama, atembelee kazi yake akiwa peke yake, bila gari la ofisi, na amuulize mtu anayeitumia.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini nina mke na mtoto wa miezi minne, na cheo kinategemea alama hizi. Wewe ulipopewa 3 ulikuwa huna mke."

Ilikuwa kweli, na sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi mhadhiri kudai ujasiri kwa mshahara wa mtu mwingine. Nilimwambia tu kwamba ndiyo maana jambo hili halipaswi kuachwa mabegani mwa vijana wa miaka 26. Wasimamizi wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo, mnaweza kuuliza swali la pili baada ya lile la mzee wangu. Si "Yote yanapitisha maji?" tu, bali "Yatapitisha Aprili?" Kisha mkubali jibu bila kumwadhibu anayelitoa. Na waheshimiwa wanaopanga bajeti waelewe kwamba fedha za barabara zinazofika Aprili katika wilaya kama Rungwe zimefika zikiwa zimechelewa mwaka mzima.

Mchana ule tulitembea hadi bondeni. Kati ya yale makalavati saba nimeyaona matano yakiwa bado yanafanya kazi. Mengine mawili yamebaki porini, barabara ilishahamishwa. La bondeni lipo. Kuta zake zimeota kuvu, na mtu amelifanya mahali pa kufulia nguo. Yule mama alifariki miaka michache iliyopita, niliambiwa na mjukuu wake. Kijana wangu alishuka chini, akainama, akatazama ndani ya bomba kwa muda mrefu, kisha akatoa simu yake na kupima kipenyo kwa shubiri zake kama tulivyofundishwa sote.

"900," alisema.

"900," nilimjibu.

Alipoondoka hakuniambia atajipa alama ngapi, nami sikumuuliza.